Kodi mbili za Lisbon Street

Ukiingia duka ninalonunua iliki, mtaa wa Lisbon Street, mjini Lewiston, jimbo la Maine, tazama juu kwanza. Dari ni ya bati lililopigwa nakshi za maua, ya enzi za mababu, imepakwa rangi tabaka juu ya tabaka mpaka maua yamevimba. Chini yake kuna magunia ya basmati, friza la mbuzi wa halali na viti viwili vya plastiki. Siku ya kwanza nilimsalimia mama mwenye duka kwa Kiingereza. Alinikagua usoni, akasema, "Karibu mwanangu. Wa Mombasa au wa Dar?" Ni Mbantu wa Somalia, na Kiswahili chake amekitoa Kenya, kwenye kambi ya wakimbizi ya Dadaab.

Kila nikisoma habari za mtaa huu nakutana na sentensi ileile: wahamiaji wameufufua. Sikatai, ila hilo neno linanikera.

Lewiston ni mji mdogo, watu kama 37,000 hivi, kando ya mto Androscoggin. Wengi wetu tuliusikia kwa ajili ya Muhammad Ali, aliyemwangusha Sonny Liston hapo mwaka 1965, raundi ya kwanza, mbele ya watazamaji 2,434 (kuna maulidi ya mtaani yanayojaza kuliko hivyo). Riziki ya mji ilikuwa pamba. Viwanda vya nguo vilivyoendeshwa kwa nguvu ya maji vilivuta maelfu ya watu wa Quebec, na Kifaransa kikawa lugha ya dukani. Baadaye kazi za nguo zikahamia majimbo ya kusini, ambako vibarua walikuwa wa bei nafuu. Maduka makubwa yenye viwanja vya kuegesha magari yakajengwa ng'ambo ya mto, Auburn, na Lisbon Street ikabaki vioo vitupu.

Wasomali walianza kufika mwaka 2001. Hawakuja kufufua kitu. Walikuta nyumba zina nafasi na fremu ni rahisi, kwa sababu hakuna mwingine aliyezitaka. Mwaka uliofuata meya wa wakati huo aliwaandikia barua ya wazi akiwaomba wapunguze kasi ya kuja. Wakaendelea kuja, wakafuata Wabantu wa Somalia, Wakongomani, Warundi na Waangola.

Sasa tuje kwenye kodi. Kiswahili kinatumia neno moja kwa anachodai mwenye nyumba na anachodai serikali, na hapa ndipo umuhimu wake unapoonekana. Sehemu ya chini ya mtaa huu imo katika orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1966. Kuandikwa humo hakumzuii mwenye jengo kulibomoa kwa pesa zake. Akilikarabati kwa masharti, lakini, akatunza matofali, madirisha, hata dari ya bati, na jengo likawa la biashara, serikali kuu humpunguzia kodi kwa asilimia 20 ya gharama za ukarabati. Kodi yake inashuka. Ya mpangaji, jengo likishang'aa, inapanda. Sheria inauliza madirisha ni ya mwaka gani. Aliyeyafungua kila asubuhi kwa miaka kumi na tano, wakati mtaa hauna mtu, haulizwi habari zake.

Ningekuwa na kauli, ningeweka sharti moja tu: anayetaka ile asilimia 20 ampe kwanza mpangaji aliyemkuta mkataba wa miaka kumi kwa kodi inayolipika. Wataniambia hiyo si kazi ya wahifadhi wa majengo. Basi waache kuuita mtaa wa biashara, wauite mtaa wa matofali.

Mara ya mwisho nilikuta ngazi imesimamishwa katikati ya duka, na kijana mwenye kofia ngumu akigongagonga maua ya bati kwa kidole na kuandika kwenye karatasi.

"Wamesema hii ibaki," mama aliniambia, akionyesha juu kwa kidevu.

Nikamuuliza, na wewe je, mama? Akanipimia iliki, akaongeza kidogo juu ya mzani.