Sungura jike aliyetolewa kizazi akibaki mkali

Siku ya tano baada ya operesheni niliingiza mkono kizimbani kuchukua bakuli la maji, Zabibu akanirukia. Masikio kayalaza nyuma, mkia kausimamisha, akatoa mguno mfupi wa kooni, akanipiga kwa miguu yote miwili ya mbele kama anayepiga ngoma, kisha akauma karibu na kifundo cha mkono hadi damu ikatoka. Sungura huyu nilimpeleka kutolewa kizazi kwa sababu moja iliyozidi zote: ukali. Na kabla ya operesheni hakuwahi kuniuma kiasi kile.

Jirani yangu hapa Leicester, mama mtu mzima wa Mombasa, alipouona mkono umefungwa bandeji hakunificha alilofikiri. "Mwanangu, Mola kamuumba na kizazi chake. Nyinyi mwamlaza, mwampasua, mwamtoa, kisha mwataka awapende?" Nilitaka kumjibu papo hapo nikashindwa, kwa sababu swali lake ndilo nililokuwa nalo kitandani usiku. Je, operesheni humtuliza sungura au humharibu tabia? Wafugaji niliozungumza nao wamegawanyika, na kila upande una mnyama wake wa kutolea ushahidi.

Wanaoitetea wana hoja nzito, na hoja yenyewe inaanzia kwenye mwili. Sungura jike hana siku za joto zinazopangika kama za mbwa. Yai lake hutoka baada ya kupandwa, saa kama 10 baadaye, kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya msimu wa kuzaa mwili wake uko tayari kumpokea dume wakati karibu wowote. Hupevuka akiwa na miezi 4 hadi 6, wenye maumbo madogo wakitangulia, na hapo ndipo malalamiko ya nyumbani huanza. Yule aliyekuwa akilala mapajani sasa anachimba zulia, anakojoa kwenye kochi, anazunguka miguu ya watu akiguna, na kila mkono unaoingia kizimbani anaukimbilia. Sungura wetu wa nyumbani wametokana na sungura wa porini wa Ulaya, na huko majike hugombania mashimo ya kuzalia. Homoni za ovari, yaani viungo vinavyotoa mayai, zinamwambia ana shimo la kulinda, hata kama shimo lenyewe ni boksi la katoni sebuleni.

Kuna na mimba ya uongo. Jike akipandwa na dume asiyezalisha, au akipandwa tu na jike mwenzake, yai hutoka na mwili ukaanza safari ya mimba isiyokuwepo. Safari hiyo huchukua siku 16 hadi 18. Katika siku hizo huchimba, kisha hubeba nyasi mdomoni, hunyofoa manyoya ya kifuani na chini ya kidevu kutandikia kiota, na mtu akisogea pale pembeni anakiona cha moto. Jike asiyetolewa kizazi anaweza kurudia mzunguko huo mara nyingi kwa mwaka. Ukimtoa ovari, mzunguko unakatika.

Hoja yao kubwa zaidi, hata hivyo, haihusu tabia. Ni saratani ya mji wa mimba, uvimbe unaoonekana zaidi kuliko mwingine wowote kwa sungura majike. Kwa waliovuka miaka 4, makadirio yanayotajwa sana hufika hata 60%. Takwimu hiyo naitumia kwa tahadhari: mizizi yake iko kwenye makundi ya sungura wa maabara, ambako koo fulani ziliugua sana na nyingine kidogo, na wanaopimwa kliniki mara nyingi ni wale ambao tayari wana dalili. Lakini hata ukiipunguza kwa nusu, inabaki hatari ambayo mwenye sungura hawezi kuifumbia macho. Kule kwetu Afrika Mashariki watu wengi hawajawahi kuiona, na sababu iko wazi: sungura wengi wanafugwa kwa nyama, na jike hafiki umri wa kuugua. Anayekaa na sungura wake miaka 8 au 10 yuko katika hali nyingine kabisa.

Sasa upande wa jirani yangu. Kumlaza sungura kwa nusukaputi si jambo dogo. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2008, ulioongozwa na David Brodbelt, ulikuta kwamba sungura 1.39% walikufa kutokana na dawa ya usingizi au kutulizwa kwa dawa, dhidi ya 0.17% kwa mbwa na 0.24% kwa paka. Ukiwachukua sungura wenye afya peke yao inashuka hadi 0.73%, ambayo bado ni mara nyingi ya mbwa mzima wa afya. Zaidi ya nusu ya vifo hivyo vya sungura vilitokea baada ya operesheni kwisha. Utumbo wa sungura hautakiwi kusimama. Maumivu na hofu huusimamisha, na sungura asiyekula siku nzima yuko hatarini. Ndiyo maana hafungishwi kula kabla ya operesheni kama mbwa: hatapiki, na njaa humdhuru. Mbinu zimeboreka tangu utafiti ule, na daktari anayewajua sungura hupunguza hatari kwa kiasi kikubwa, ila hakuna anayeweza kuiondoa yote. Mtu akiniambia hatamweka mnyama wake mzima kwenye meza ile kwa ajili ya tabia tu, simwiti mjinga.

Kisha kuna dai lao la pili, kwamba operesheni yenyewe huleta ukali. Hapa nimekaa muda mrefu zaidi, kwa sababu mkono ulikuwa wangu.

Siku ya sita nilipobadilisha nyasi nilikuta mafungu ya manyoya, meupe, laini, yamesokotwa na nyasi kavu kwenye ile pembe ya nyuma. Nilidhani ni mshono unamwasha anajinyofoa. Nilipomgeuza kidogo nikaona kifuani upara, na mshono haujaguswa. Ndipo nikakumbuka kwamba wiki moja kabla ya operesheni alikuwa akichimba pembe ile ile usiku kucha, nami nikamwambia daktari ni utundu tu. Haukuwa utundu. Alikuwa katikati ya mimba ya uongo.

Katika jike, kuchimba huenda na kipindi ambacho projesteroni, homoni inayoshikilia mimba, iko juu. Projesteroni ikishuka, ndipo hubeba nyasi na kunyofoa manyoya, kwa sababu kwa kawaida kushuka huko ni ishara kwamba kuzaa kumekaribia. Ovari ndizo zinazoitoa projesteroni hiyo. Daktari alipozikata, ilishuka kwa mara moja, na mwili wa Zabibu ukaelewa kuwa watoto wanakuja. Kwa hiyo kile nilichokiona siku ya tano hakikuwa tabia mpya iliyoletwa na kisu, wala hakikuwa ushahidi kwamba kisu hakifanyi kazi. Alikuwa mama anayelinda kiota, wiki ya mwisho ya homoni alizobaki nazo. Kosa lilikuwa la tarehe. Swali la "ameanza kuchimba au kubeba nyasi?" lingepaswa kuulizwa kabla ya kupangiwa siku, nami ningepaswa kulijibu vizuri.

Lakini nisijitoe kwa kusingizia homoni. Kwa siku tano hizo nilikuwa nikimpa dawa ya maumivu asubuhi na jioni: naingiza mkono, namshika, namviringisha taulo, namtia bomba la dawa pembeni mwa mdomo. Mara 10 mfululizo mkono wangu ukiingia pale maana yake ilikuwa kukamatwa, naye ana kidonda tumboni. Sungura macho yake yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote isipokuwa hapo hapo mbele ya pua. Mkono unaokuja moja kwa moja usoni humpotea mahali anapouhitaji kuuona zaidi. Yeye ni windo. Windo likikosa pa kukimbilia hupigana, na kizimba hakina pa kukimbilia. Sehemu ya ukali ule nilimfundisha mimi.

Maumivu nayo hayana sauti kwa sungura. Mara nyingi halii. Hukaa amejikunyata, macho nusu, anasaga meno kwa sauti nzito, anabana tumbo sakafuni, na vile vigololi vya kinyesi hupungua au huwa vidogo. Ukiona hivyo usiseme "homoni hazijatoka, nisubiri." Mpigie daktari siku hiyo hiyo. Ushauri wa kusubiri ni mzuri kwa tabia, na ni wa hatari kwa maumivu; watu wengi huchanganya haya mawili.

Na wenye sungura wawili wana kisa chao. Mmoja anakwenda kliniki asubuhi, anarudi jioni ananuka dawa na mbwa wa watu wengine, na mwenzake wa miaka miwili anamvamia kama mgeni. Hapo anayeitwa mkali ni yule ambaye hata hajapasuliwa. Ndiyo sababu madaktari wengi hupenda wapelekwe wote wawili pamoja na kurudi pamoja.

Sababu za nadra zipo: kipande cha ovari kilichosahaulika ndani, au tezi zilizo juu ya figo kuanza kutoa homoni za jinsia. Miezi ikipita na jike bado anapanda wenzake na kujenga viota, hayo yachunguzwe. Si mahali pa kuanzia.

Kwa hiyo nani yuko sahihi? Nadhani pande zote mbili zinaisifu na kuilaumu operesheni kwa mambo ambayo si yake. Wanaoisifu husema, "Alikuwa mkali akiwa na miezi 6, tukamtoa kizazi, akiwa na miezi 10 ametulia." Lakini sungura wa miezi 10 amekua. Ameshaijua nyumba na harufu za watu wake, na mwenye nyumba naye amejifunza kumshika. Kwa kawaida tunampeleka mnyama kliniki wakati tabia iko kwenye kilele, na baada ya kilele mara nyingi kuna mteremko. Wanaoilaumu hufanya kosa hilo hilo kwa upande wa pili: wanamhukumu kwenye wiki ambayo ana kidonda, hofu, na homoni zinazoyumba. Wiki nne hadi nane ndizo zinazotajwa zaidi kabla ya kujua tabia imekaa wapi. Na hata baada ya hapo, kama kwa mwaka mzima kila alipoguna mkono ulirudi nyuma, ameshajifunza kwamba kuguna kunafaa. Hakuna ovari iliyobeba somo hilo.

Msimamo wangu, basi. Namtetea jike kutolewa kizazi kwa ajili ya mji wake wa mimba na kwa ajili ya kuishi na mwenzake, maana sungura peke yake ni mnyama mpweke. Simtetei kupasuliwa kwa ajili ya kuuma peke yake. Anayeuma mkono unaoingia kizimbani, anza na kizimba. Huku Uingereza mashirika ya ustawi wa sungura yanashauri sungura wawili wapate eneo la mita 3 kwa 2, lenye urefu wa mita 1 kwenda juu, la kutumia wakati wote. Vizimba vingi vinavyouzwa madukani havifiki hata robo ya hapo. Mfungulie atoke, ufanye usafi akiwa nje. Acha kumnyanyua. Kaa chini sakafuni, aje yeye. Miezi miwili ya hayo hugharimu kidogo na hakuna anayekufa kwa sababu yake.

Wapo wanaosema basi tumhasi dume tumwache jike. Kuhasi ni operesheni nyepesi zaidi, na dume akitengwa kama wiki sita baada ya hapo watoto hawapatikani. Lakini dume aliyehasiwa anaweza kuendelea kupanda, na kupandwa kunatosha kutoa yai. Jike atabaki na mimba za uongo, na hatari ya saratani iko pale pale. Njia hiyo inamaliza tatizo la watoto tu.

Zabibu sasa ana miezi mitatu tangu apasuliwe. Mkojo kwenye kochi umeisha tangu wiki ya tatu. Kuchimba kumeisha. Kuguna bado: ukigusa bakuli akiwa ndani ataguna, nami sigusi akiwa ndani. Dawa, siku zikihitajika tena, najua sasa kwamba ni tamu na angeilamba mwenyewe kwenye kipande cha ndizi.

Jirani yangu hajabadili mawazo yake, na kila Ijumaa bado anamletea kotmiri. Juzi aliniuliza kama ningerudia. Nilimwambia ningerudia, ila ningehesabu siku 18 tangu usiku ule alipoanza kuchimba.