Jeni za ukoga si anasa ya maabara

Kila unapotajwa utafiti wa jeni za Streptococcus mutans, bakteria anayelaumiwa zaidi kwa kuoza kwa meno, swali huwa lile lile: kinga inajulikana, punguza sukari na upige mswaki, sasa fedha ziende maabara kutafuta nini? Swali lina haki yake. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wapatao bilioni 2 wana meno ya kudumu yaliyooza, na watoto milioni 514 wameozewa meno ya utoto. Wengi wao wanachokosa ni dawa ya meno yenye floraidi na tabibu wa kuziba jino kabla halijafika pa kung'olewa.

Ila wanaouliza hivyo husahau kwamba jeni ndizo zilizotueleza kwa nini sukari ya mezani ina ubaya wa pekee. Tumezoea kusema bakteria anakula sukari, anatoa asidi, asidi inamomonyoa jino. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Mwoteshe bakteria huyu kwenye mirija miwili ya kioo, mmoja wenye glukosi, mwingine wenye sukrosi, yaani hiyo sukari ya kwenye chai. Yote miwili itachacha. Wa glukosi ukiutikisa, bakteria wengi wanaelea majini na kutoka nayo. Wa sukrosi wamegandamana kwenye kioo kama ukoko kwenye sufuria. Maji ukiyamwaga, wao wanabaki. Kinachowagandisha ni glukani, gundi inayotengenezwa na vimeng'enya vya jeni tatu, gtfB, gtfC na gtfD, na malighafi yake ni sukrosi.

Mwaka 1993 mtafiti Yamashita na wenzake walichapisha matokeo ya kuzizima jeni hizo, kisha kuwapa panya bakteria waliokosa gundi. Panya walilishwa sukari, na bakteria bado walijua kuigeuza kuwa asidi. Hata hivyo kuoza kwenye nyuso laini za meno kulipungua sana. Matokeo haya nayarudia kila mara, maana yanabadili swali lenyewe. Mtengeneza asidi alikuwepo. Alichonyang'anywa ni nyumba. Asidi isiyo na pa kujificha husombwa na mate. Iliyofungiwa ndani ya ukoga, yaani utando huo wa gundi na bakteria, inakaa juu ya enameli, ganda gumu la nje la jino. pH, kipimo cha ukali wa asidi, inashuka chini ya 5.5, na jino linaanza kupoteza madini.

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili ni ya Philip Marsh, mtafiti wa vijidudu vya kinywani, aliyeeleza mwaka 1994 kwamba jino huoza kwa sababu uwiano wa vijidudu umevurugika, si kwa kosa la bakteria mmoja. Kinywa kina aina za bakteria zipatazo 700, na wapo watu wanaooza meno huku mutans wakiwa haba. Tena tumeshaahidiwa makubwa: mwaka 2000 mtafiti Jeffrey Hillman wa Florida alieleza mutans aliyeondolewa jeni ya asidi ya laktiki ili awafukuze wenzake wanaotoa asidi hiyo, na hadi leo hajawa tiba iliyoidhinishwa.

Mimi hoja ya Marsh naiona inaupa utafiti huu nguvu. Kama kinywa ni kijiji, kukisukutua kila siku kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, ni kuchoma kijiji kizima, pamoja na majirani wema kama Streptococcus sanguinis, ambaye humzuia mutans kutamalaki. Aliyeijua gtfB anaweza kutafuta kemikali ya kuziba kimeng'enya chake tu, bakteria abaki hai lakini asishike. Kemikali za namna hiyo zinajaribiwa maabara sasa.

Vijishimo vya juu ya magego ni habari nyingine. Humo mabaki ya chakula hunasa hata pasipo gundi, na kwa mtoto ambaye magego yake yameota juzi, tabibu wa kuyaziba mapema bado anaishinda jeni yoyote.