Testi za API zipite mu memori kwanza

Bandugu ma-developa ba hapa Lubumbashi, niseme wazi: kuwasha seva nzima juu tu ya kujua kama endipointi moja (anwani moja ya API, pale programu zingine zinapitia kuomba data) inarudisha 404 (jibu la «haipatikani») ni kumaliza batri bure. Na batri huku kwetu ni kitu ya maana, delestaji (kukatwa kwa umeme) ikifika jioni ku Katuba unabaki na ile chaji iko ndani ya laptopu basi, sasa ndiyo uitumie kungojea Tomcat, ile seva ya Java, iamuke, halafu ikwambie porti 8080 (namba yenye seva inasikilizia) imeshakamatwa na programu ingine? Testi imeanguka, kodi yako haina kosa hata moja.

Njia iko, tena ya zamani: testi ipite mu memori, bila kuwasha seva. Spring, fremuweki ya Java, iliingiza MockMvc, chombo cha testi za namna hii, tangu toleo la 3.2, mwaka 2012. RESTEasy na Jersey, nazo za Java, ziko na zao, Flask ya Python iko na test_client, lugha ya Go iko na httptest mu laiburari yake yenyewe. Unatengeneza rikwesti kama objekti ya kawaida, tuseme GET /wateja/7, unaipatia fremuweki mu mukono, hakuna soketi (muunganisho wa mtandao), hakuna porti. Ruti inatafutwa kweli, JSON inasomwa kweli, na ukituma mteja hana jina validesheni inakataa na 400 (rikwesti mbaya) inarudi. Ndiyo maana sikubali kabisa wale banasema ati ni sawa tu na kuita metodi ya kontrola, ile kodi inajibu rikwesti. Hapana! Ukiita metodi yenyewe unaweza kuwa uliandika /watejaa ku anotesheni na testi ikapita vizuri, lakini testi ya mu memori inaanguka palepale.

Lakini tusidanganyane, kuko vitu havipiti humo: TLS (ile inaficha data njiani), proksi (seva ya katikati), mtandao wa polepole. Na MockMvc iko na moja inasumbua sana benye banaanza: kontrola ikitupa eksepsheni yenye hakuna mtu aliishika, haupate 500 (kosa la seva) kama kliyenti wa kweli angepata, eksepsheni yenyewe inakuja kupasuka mu testi, juu kazi ya kupeleka kosa ku /error ni ya kontena (seva kama Tomcat), na pale kontena haiko. Kwa ile mi naweka testi chache zinawasha seva kweli, na ninaipa porti 0 ili sistemi ichague yenyewe porti yenye iko wazi. Hizo siziendeshi kila nikigusa mstari mmoja wa kodi, zinangojea mbele ya kupush (kutuma kodi ku hifadhi ya pamoja).