Eti Wamekomaa!

Mtu akikuambia albamu "inahitaji muda", ujue ameshaisikiliza, imemshinda, na sasa anatafuta wa kushindwa naye. Wiki nzima naambiwa hivyo kuhusu albamu mpya ya bendi yangu ya pawa metali, ule muziki mzito wa magitaa ya kasi na hadithi za majoka na mapanga. Muda! Kwani ule tulioutoa haujatosha? Tumeingoja miaka. Tukaonjeshwa kibao cha kwanza, tukasema aa, hiki ni cha kuonja tu. Kikaja cha pili, kimepoa kuliko cha kwanza, tukasema jamaa wanaficha silaha. Kikaja cha tatu na video yake, wanaume wazima wamevaa makoti wanatembea mvuani, upanga hakuna hata mmoja, tukasema basi majoka yatakuwa kwenye nyimbo zilizobaki. Ijumaa ikafika. Majoka hakuna.

Naomba nieleweke, mimi si mtu wa makuu. Mahitaji yangu kwa bendi ya pawa metali yanajulikana na hayajabadilika. Ngoma za miguu zikimbie. Magitaa mawili yafukuzane. Mwimbaji apande mpaka pale ambapo mbwa wa jirani wanaanza kumwitikia. Kiitikio kiwe cha kuimbwa na umati mzima, ngumi juu, na wimbo ukiisha mfalme awe amerudi kwenye kiti chake. Basi. Sikuomba falsafa. Sasa humu ndani kuna wimbo wa dakika nane kuhusu mtu anayechungulia dirishani. Nimeyafuatilia mashairi mpaka mwisho, nikijua tu kwamba huko nje kuna jeshi linakuja. Halikuja. Alikuwa anachungulia dirishani.

Na mtu asiniambie sina subira. Bendi ya Blind Guardian walituahidi albamu ya okestra tangu miaka ya 1990, ikatoka 2019. Tukaifungua kwa heshima zote: okestra ya Prague ipo, kwaya ipo, mwimbaji wao Hansi Kürsch anaimba, gitaa hata la dawa hakuna. Nililalamika? Nililalamika kidogo. Lakini angalau mle ndani mlikuwa na vita, tena Vita vya Miaka Thelathini, siyo ugomvi wa mtu na pazia.

Mashabiki wenzangu nao ndio hao hao. Kuna anayesema bendi ilikufa siku mpiga kinanda wa kwanza alipoondoka. Yeye hana shida, anaizika tangu hapo. Kuna anayesema nyimbo ni nzuri ila sauti imebanwa mno, ngoma zinalia kama makopo. Kuna Mzee wa Vipimo, ambaye amepima midundo ya kila wimbo kwa dakika na anatuma matokeo bila hata salamu. Bendi ya DragonForce walikimbia 200, hawa mia tu inawatoa jasho. Na yule aliyetoa kumi kwa kumi kabla albamu haijatoka, tangu Ijumaa simu yake inaita tu.

Sasa kuna huyu, nimwite Mtetezi.

Mtetezi alinifuata nyumbani jioni akiwa na hedifoni zake, eti spika zangu ndizo zinazonidanganya. Akanikalisha. Akazima taa. Mimi mtu mzima, mwenye familia, niko gizani nimevalishwa hedifoni kama rubani, nangoja mtu abonyeze.

"Kaka," akaniambia, "kosa lako wewe unaisikiliza kwa masikio."

"Niisikilize kwa nini? Kwa magoti?"

"Kwa moyo."

Nikanyamaza, kwa adabu. Wimbo wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita, au labda ulikuwa ule wa kwanza bado. Kwenye wa nne akanishika bega.

"Umesikia hapo?"

"Sijasikia kitu."

"Ndicho hicho! Ukimya! Baada ya ubeti wa pili wamenyamaza kabisa. Zamani wangethubutu?"

"Zamani mpiga ngoma alikuwa macho."

Akacheka. Si kicheko cha kufurahi, ni kile cha upole, cha mtu anayeona umeachwa nyuma na anakuhurumia. Akaurudisha wimbo ili niusikie tena ule ukimya. Mwenzenu nimekaa gizani narudishiwa kitu ambacho hakipo. Nikamwambia bwana, ukimya hata mimi ninao hapa nyumbani, tena wa bure, watoto wakilala. Akasema huo si sawa na huu, huu una maana.

Halafu akaanza kunipa historia. "Hata bendi ya Helloween walitukanwa mwaka 1993 kwa ile albamu yao Chameleon."

Ndiyo, walitukanwa! Tarumbeta ndani ya Helloween, wasitukanwe wana nini? Lakini tumalize hadithi, ndugu yangu. Walisikia. Mwimbaji wao Michael Kiske akaondoka, mwaka uliofuata wakaja na mwimbaji mpya, Andi Deris, na magitaa yakakumbuka kazi yake. Matusi yalifanya kazi! Lau mashabiki wa 1993 wangekaa gizani na hedifoni wanatafuta ukimya wenye maana, leo tungekuwa wapi? Na Kiske mwenyewe baadaye akarudi, na Kai Hansen, mpiga gitaa wao wa mwanzo, akarudi, na Deris hakufukuzwa, tangu 2017 wanapanda jukwaa moja wote. Hayo ndiyo malezi. Mtoto akikosea anaambiwa.

"Basi albamu ya Unia ya bendi ya Sonata Arctica," akasema. "2007, watu walinuna kwa sababu wamepunguza kasi. Leo wapo wanaoipenda."

"Wangapi?"

Akafikiri.

"Mimi," akasema.

Hata hapo nilikuwa bado nimetulia. Nilikuwa nimeshavua hedifoni, nikaziweka mezani taratibu, kistaarabu. Angenyamaza hapo tungeagana vizuri. Yeye akavuta pumzi, akaniambia kwa sauti ya mganga anayempa mtu majibu: "Kaka, kubali tu. Wamekomaa."

Wamekomaa.

Nikasimama. Nikamuuliza, unamjua Christopher Lee? Mwigizaji, Mwingereza, kazaliwa 1922. Mwaka 2004 aliingia studio na wale Waitaliano wa bendi ya Rhapsody, akasimulia habari za wapiganaji na mapepo kwa sauti ile ile aliyokuwa akitishia watu kwenye sinema, wala hakuona haya. Mwaka 2010 akatoa albamu yake mwenyewe ya simfoniki metali, yaani metali yenye okestra, kuhusu mfalme Charlemagne. Ana miaka 87! Mwaka 2013 akaona ile haikutosha, akarudi na nyingine, nzito kuliko ya kwanza. Ana 91! Kwenye umri ambao wengine wanatafutiwa miwani, babu wa watu anaimba vita! Na hawa wako kwenye umri wa kupanda ngazi bila kushika ukuta, wananiambia farasi wamewachosha? Nani aliwaambia muuaji wa joka anatakiwa kukomaa? Akikomaa joka ataliua nani?

Sauti yangu ilikuwa imeshapanda mpaka kule ambako mwimbaji wao hapandi tena. Mtetezi akawasha taa.

Kinachoniuma si kasi, nawaambia ukweli. Kasi ningeazima kwingine, bendi ziko tele. Kinachoniuma ni kwamba sisi tumechekwa. Tumechekwa shuleni, tumechekwa kazini, tumechekwa na ndoa zetu wenyewe, kwa fulana zenye joka kifuani na nyimbo za mashujaa wanaopita kwenye radi. Tukavumilia. Tukawa tunaeleza, hapana, sikiliza hiki kiitikio, utaelewa. Leo wenye joka wenyewe wanahojiwa, wanasema zile zilikuwa "mambo ya ujana". Ya ujana! Mimi fulana ninayo, nimeivaa sasa hivi. Nimwambie nini mke wangu?

Halafu kwenye maonyesho hawataacha kuzipiga hizo mpya. Watazipanga katikati, pale pale penye vibao vya zamani, umati mzima uelekee msalani, foleni itoke mpaka nje, na ukirudi umekuta wamemaliza kile kimoja ulichokifuata.

Na hapo bado sijasema la Japani. Mnajua tena, toleo la Japani lina wimbo wa ziada. Ni mambo ya zamani hayo, sidii za kutoka nje zilikuwa zinauzwa kwa Wajapani rahisi kuliko zilizotengenezwa kwao, ndipo lebo zikaanza kuwaongezea wimbo ili wanunue za nyumbani. Sawa, biashara. Sina kinyongo na Wajapani, wana adabu na wanajua kupiga makofi. Lakini huu wa safari hii, wimbo mmoja tu wa ziada, nasikia una kila kitu. Kiitikio. Magitaa yanafukuzana. Farasi. Kila kitu! Wameutoa kwenye albamu kwa sababu, wanasema, haukuendana na nyingine.

Mzee wa Vipimo anao, sijui kaupataje. Nilimpigia usiku. Akathibitisha: midundo 190 kwa dakika, na kabla ya kiitikio cha mwisho noti inapanda. Nikamwambia baba, nisikilizishe japo kidogo kwa simu. Akakataa, simu itaharibu sauti, hataki lawama. Ila akasema nikitaka anaweza kunisomea namba, sekunde kwa sekunde.

Nikakaa vizuri. Nikamwambia soma.