Yellowstone sio Mikumi, tujiandae jamani

Naomba niseme hili maana limenikaa rohoni toka juzi. Tuna grupu letu la WhatsApp, Wabongo na Wakenya tunaoishi huku Marekani, tunapanga kwenda kupiga kempu kwenye hifadhi ya taifa ya Yellowstone mwezi wa saba na familia zetu, na wengine wana ndugu wanaokuja kutoka nyumbani kabisa kuungana nasi. Nikatuma orodha ya maandalizi, mahema, mabegi ya kulalia, spreyi ya pilipili ya kumfukuzia dubu, namna ya kutunza chakula. Kaka mmoja akajibu kwa sauti, dada punguza presha, sisi tumetoka kwa simba na tembo, dubu ni nini, waache Wazungu waogope. Vidole gumba vikamiminika, na hapohapo watu wakaanza kugawana nani analeta mbuzi na nani analeta samaki wa kukaanga.

Mimi sikucheka, na mpaka sasa sioni cha kuchekesha, maana kuna watoto kwenye hii safari.

Tuambiane ukweli. Wengi wetu simba tumemjua kwenye noti ya elfu mbili, na tembo tumemuona dirishani kwenye basi linapopita Mikumi. Na hata yule aliyebahatika kulala Serengeti hakulala peke yake, alikuwa na dereva anayejua kila kona, alikuwa na mpishi, na pale Seronera jikoni na sehemu ya kulia kumezungushiwa vyuma ili fisi asijikaribishe. Ukitaka kutembea kwa miguu unapewa askari mwenye bunduki. Yani kuna mtu kazi yake ni kukufikiria wewe. Yellowstone unalipa getini, unapewa ramani na karatasi ya masharti, unaendesha mwenyewe kuingia. Kuanzia hapo dereva ni wewe, mpishi wewe, askari wewe. Kuzaliwa Singida au Kisumu hakukusaidii chochote hapo.

Sasa nirudi kwenye huyo mbuzi na huyo samaki, maana hapa ndipo penye shughuli yenyewe.

Watu wanadhani dubu anakuja kambini kumtafuta mtu. Dubu anafuata harufu, na pua yake inashinda ya mbwa kwa mbali sana. Na hii hifadhi ilishajifunza kwa machungu, tena kwa miaka mingi. Imeanzishwa 1872, ya kwanza ya aina yake duniani, na kwa miongo mingi dubu walikuwa wanakula kwenye majalala ya takataka za wageni, na watu walikuwa wanawalisha mikate barabarani kupitia dirisha la gari na kupiga nao picha. Matokeo yake, kuanzia 1931 mpaka 1969 watu waliojeruhiwa na dubu mle ndani walikuwa wastani wa 48 kila mwaka. Arobaini na nane! Ilipofika 1970 wakakaza, majalala yakafungwa, mapipa ya taka yakatengenezwa ambayo dubu hawezi kuyafungua, kulisha wanyama ikawa kosa linalosimamiwa kweli. Siku hizi wanaojeruhiwa ni wastani wa kama mtu mmoja kwa mwaka. Dubu ni walewale, porini ni palepale, kilichobadilika ni chakula cha binadamu kutunzwa. Kwahiyo mtu akikwambia usiache sufuria nje usiku hakuletei uoga wa Kizungu, anakupa kitu kilicholipiwa kwa damu za watu.

Na dubu nao wamelipa. Akishaonja chakula cha watu anarudi, kesho anafungua hema, keshokutwa anamsukuma mtu, na mara nyingi mwisho wake ni kuuliwa. Mwaka 1975 grizli, wale dubu wakubwa wa kahawia, wa eneo lote lile walikuwa wamebaki chini ya 140, wakawekwa kwenye orodha ya wanyama wanaolindwa kisheria, na kazi ya kuwarudisha imechukua miaka na miaka. Tuje sisi na deli letu la mishkaki tuharibu kwa usiku mmoja? Kweli?

Kwahiyo naomba tuelewane kuhusu chakula ni nini. Sio ubwabwa na nyama tu. Ni dawa ya mswaki, sabuni, mafuta ya nazi ya nywele, losheni, biskuti za mtoto zilizosagika mfukoni, deli hata kama ni tupu, sufuria iliyooshwa juujuu. Vyote hivyo vikiwa havitumiki vinakaa ndani ya gari lililofungwa vioo na milango, au kwenye yale makabati ya chuma yaliyowekwa kambini. Ndani ya hema hakiingii kitu, hata maji yenye juisi. Nguo uliyovaa ukichoma nyama usilale nayo. Shangazi yangu anakuja kutoka Tanga na ninavyomjua hasafiri bila udi na marashi yake, nimeshamwambia kwa heshima zote shangazi naomba vibaki kwenye gari, akakubali bila neno, sasa kama mama wa miaka sitini na kitu ameelewa kwa simu moja sisi tunashindwa nini? Na wale wanaotaka kulala mbali na kambi za magari, huko ndani ndani, kwanza kuna kibali chake, halafu jiko linatakiwa liwe kama mita 90 kutoka unapolala na chakula kinaning'inizwa juu kwenye nguzo. Kuna kambi nyingine, Fishing Bridge, hema la kitambaa hawaliruhusu kabisa, ni magari ya kulala yenye kuta ngumu tu, kwa sababu grizli wanapita sana pale. Wenye hifadhi wenyewe wameona kitambaa hakitoshi, sisi tunabishana.

Spreyi ya dubu huwezi kupanda nayo ndege, sio kwenye begi la mkononi wala lile la kupakia, kwahiyo wanaotua uwanja wa ndege wa Bozeman wanunue wakishafika, na mitungi ya gesi ya kupikia vilevile. Hiyo spreyi inakaa kiunoni ambapo mkono unaifikia, sio chini ya nguo kwenye begi. Na sio dawa ya mbu, kuna watu wameshawahi kuwapulizia watoto wao wakidhani inafukuza wadudu, ni pilipili kali ile, tafadhali.

Nakubali, dubu sio muuaji mkubwa wa pale. Tangu 1872 waliouliwa na dubu ndani ya hifadhi ni watu wanane. Waliokufa kwa kuungua kwenye chemchemi za maji moto wanazidi ishirini, ndio maana kuna zile njia za mbao na mtu anaambiwa asishuke. Mwaka 2016 kijana mmoja alitoka njiani pale Norris, eneo mojawapo la chemchemi hizo, akitafuta pa kujitumbukiza kuoga, akateleza akaingia, na mwili haukupatikana. Mtoto ashikwe mkono, sio "namuona kwa hapa". Baisani, yule nyati wa Marekani, naye anawajeruhi watu kuliko mnyama mwingine yeyote mle, anaonekana mpole kama ng'ombe wa shambani lakini ana uzito mpaka kilo 900 na anakimbia kukuzidi mara tatu. Umbali wa kukaa naye, na na elki, yule kulungu mkubwa, ni angalau mita 23, kwa dubu na mbwa mwitu ni mita 91, na selfi haipunguzi hata hatua moja.

Baridi. Sehemu kubwa ya hifadhi iko juu ya mita 2,200, mwezi wa saba mchana unavaa tisheti, usiku unaweza kukuta barafu kwenye ndoo, na theluji inaweza kudondoka mwezi wowote. Blanketi la Masai halitoshi. Mkeka wa kuzuia ubaridi wa ardhini ni muhimu kama begi lenyewe la kulalia. Mtandao karibu hakuna, ramani pakueni mkiwa nyumbani.

Hela. Hapa nawaelewa wanaolalamika. Vifaa ni ghali, na kuanzia Januari 2026 mgeni asiye mkazi wa Marekani analipa dola 100 za ziada kwa kila mtu wa miaka 16 na kuendelea kwenye hifadhi kubwa kama hii, au anunue kadi ya mwaka ya dola 250. Inauma, ingawa kwetu pia mgeni halipi sawa na mwenyeji. Wenye ndugu wanaokuja wapigeni hesabu mapema badala ya kuwashtukiza getini. Vifaa tunaweza kuazimana au kukodi, na hilo tunalijua sana, hakuna anayetuzidi kwa kuchangishana. Na kupika nje tunajua, kuwasha moto tunajua, wala sisemi tule mikate mikavu. Pilau lipikwe, lakini lipikwe mapema, liliwe liishe, na vyombo vioshwe kabla giza halijaingia.

Nimeshaandika kwenye grupu na narudia hapa kwa ambao hawakusoma. Samaki wabaki nyumbani. Kila familia itoe mtu mzima mmoja wa zamu ya kukagua mahema na meza kila jioni kabla ya kulala, na mimi nimejiandika usiku wa kwanza. Asiyetaka utaratibu huu kuna hoteli na moteli pale mjini West Yellowstone, nje tu ya geti, anaweza kulala huko na asubuhi akaungana nasi kwenye chai, lakini chumba akitafute wiki hii kwa sababu mwezi wa saba vinajaa.