Taa ya mionzi kwa mfuga samaki wa Mombasa: inunuliwe lini?

Wanaofuga tilapia na kambare kwenye matangi hapa Mombasa, maji yaleyale yakizungushwa usiku na mchana, huambiwa na wauzaji wa vifaa kwamba taa ya mionzi ya urujuanimno ni ya lazima. Sikubali, ingawa hoja yao ina uzito.

Maji yakizunguka, ugonjwa ulioingia tangi moja husambaa yote. Mionzi ya takriban nanomita 254 huharibu vinasaba vya bakteria na virusi wanaopita mbele ya taa, wakashindwa kuzaana. Nayo haibaki majini kama klorini, kwa hiyo bakteria wema waliojishika kwenye chujio, wanaogeuza amonia kuwa nitrati, husalimika. Anayelea vifaranga ningemwambia ainunue, hata kama wapo wataalamu wanaoonya kwamba maji yakishasafishwa hivyo, bakteria wepesi kuzaana ndio huwahi kujaza nafasi.

Lakini mionzi haiui isichokifikia. Kimelea kilichong'ang'ania ngozi ya samaki hakiguswi, na maji yenye mavi na mabaki ya chakula huizuia njiani. Amonia nayo haipungui hata kidogo.

Halafu kuna shida yetu ya Pwani. Kisiwa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na maji ya visima vyetu yana chokaa nyingi. Ukoko ule mweupe unaoganda ndani ya birika ndio huohuo unaogandia bomba la kioo linaloikinga taa. Mfugaji anaona mwanga wa samawati, anatulia, kumbe mionzi haifiki majini. Bomba linataka kuoshwa kwa siki mara kwa mara (taa ikiwa imezimwa, maana mionzi hii huunguza macho), na taa ibadilishwe baada ya saa 9,000 hivi, karibu mwaka mmoja, hata kama bado inawaka.

Kwa mfuga tilapia wa kuuza sokoni, pesa za kwanza ziende kwenye chujio la uchafu na pampu ya hewa yenye betri. Stima ikikatika, kambare atapanda juu avute hewa. Tilapia waliosongamana hawana muda huo.

Akishavipata hivyo, taa inunuliwe, ila aulize dozi, yaani kiasi cha mionzi ambacho maji hupata yakipita, kwa kasi ya pampu yake, asihadaiwe na wati. Taa iliyotosheleza lita 2,000 kwa saa hutoa nusu tu ya dozi pampu ikisukuma 4,000.