Acheni kulilaumu gitaa!

Inaudhi mno hapa Unguja kusikia gitaa zuri la umeme, lile la tumbo nusu wazi, likiitwa bovu ati kwa kuwa ukishusha kitufe cha sauti hadi 7 kati ya 10 mlio unakuwa butu. Pikapu, zile sumaku zinazonasa mlio chini ya nyuzi, ni nzima! Hamisha waya wa kapasita ya toni (kijisehemu kinachopunguza ukali wa mlio) kutoka mguu wa kuingilia wa potenshiomita ya sauti (kifaa kilicho chini ya kitufe cha sauti), uunge mguu wa kati, ukali utabaki. Swichi ya kuchagua pikapu ikiwa katikati, kitufe kimoja cha sauti kikifika 0 pikapu zote hunyamaza: ndivyo lilivyoungwa. Linakwaruza ukigeuza kitufe? Hewa ya bahari hiyo. Pulizia dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, zungusha kitufe mara 20. Si mafuta ya cherehani, jamani! Na vifunguo vya kukazia nyuzi vya 10 mm msivilazimishe kwenye tundu la 8.5 mm; kichwa cha gitaa kinapasuka.